Mti wa Noeli Uliochakaa

Mwezi wa Januari una taabu zake. Vyakula vya sikukuu vimekwisha, fedha nazo zimekwisha, karo ya watoto yangoja, na pembeni mwa nyumba umesimama mti wa Noeli ambao hakuna tena anayeutazama. Ikiwa ni tawi la sipresi lililoletwa kutoka milima ya Butembo, hakuna shida: likikauka litakuwa kuni. Lakini siku hizi nyumba nyingi zina mti wa plastiki. Huo haukauki, hauozi, wala haufai kuwa kuni. Baada ya miaka kadhaa majani yake hupukutika, matawi hupinda, mguu huvunjika, na mwenye nyumba huona haya mbele ya wageni. Afanye nini nao?

Swali hilo tulikutana nalo Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward, katika nyumba ya mvuvi mmoja. Mti wake ulinunuliwa Butembo miaka mingi iliyopita. Wafanyabiashara wa mji huo huagiza bidhaa kutoka mbali, hata China, nazo hupitia bandari ya Mombasa, kisha Uganda, zikaingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi. Baba alikwisha kuukata mti vipande viwili, apate kuuchoma pamoja na takataka. Mama alikuwa ameketi juu ya vipande hivyo, naye hataki kuondoka.

“Mwalimu,” alituambia, “mtoto wangu wa kwanza ndiye aliyeupamba kila mwaka, mpaka siku ziwa lilipomchukua. Ukichomwa, nitakuwa kama ninamzika mara ya pili.”

Baba akajibu kwa sauti ya chini, “Mama, na mimi ni mtoto wangu. Lakini kila ninapouona mti huu, chakula hakipiti kooni.”

Wote wawili walikuwa na haki yao. Tukawaomba watupe siku moja ya kufikiri. Yale tuliyoyafikiri ndiyo tunayowaandikia leo, kwa maana tunajua kwamba nyumba ile si ya pekee.

La kwanza, mti huo usichomwe. Twaelewa sababu ya watu kushawishika. Kyavinyonge imezungukwa na mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kukata miti humo kumekatazwa. Kwa hiyo kuni ni haba, na chochote kinachoshika moto huonekana kufaa. Lakini majani ya mti huu kwa kawaida ni ya plastiki iitwayo PVC, ambayo ndani yake mna klorini. Ikiungua, hutoa hewa yenye asidi inayochoma macho na mapafu, pamoja na sumu ziitwazo dioksini. Anayezivuta kwanza ni yule aliyeinama kupuliza moto, yaani mama, na mtoto aliye mgongoni mwake. Basi tusiwashe jiko kwa majani hayo, hata kidogo.

Wala mti huo usitupwe ziwani. Maji ya Ziwa Edward hutoka kwa mto Semliki, yakaenda Ziwa Albert, na kutoka huko yakaingia mto Nili. Takataka ya kijiji kimoja huwa mzigo wa nchi nyingine, na kabla haijafika huko hunasa katika nyavu za wavuvi wetu wenyewe.

La pili, tujue kitu hiki kimefanywaje, maana fundi hawezi kutengeneza asichokifahamu. Miti ya kwanza ya namna hii ilifanywa Ujerumani katika karne ya 19: watu walichukua manyoya ya bata bukini, wakayatia rangi ya kijani, wakayafunga katika vijiti na nyaya. Baadaye, katika miaka ya 1930, kampuni ya Addis ya Uingereza ilitengeneza miti kwa mashine zile zile zilizotengeneza burashi za kusafishia choo. Msicheke! Tazameni tawi moja la mti wenu: ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, zikabana majani katikati yake. Hiyo ni burashi kamili. Kwa hiyo mti mzima si kitu kimoja, bali ni mlingoti wa chuma, mguu, nyaya na burashi nyingi. Kila kimoja chaweza kupata kazi yake.

Wala kazi hiyo si ngeni pande zetu. Si mbali na Kyavinyonge, pale Ishango ambapo Semliki hutoka ziwani, mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, aligundua mwaka 1950 mfupa wenye alama nyingi zilizochanjwa, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Nchani mwake kimepachikwa kijiwe kigumu. Mfupa ambao mwingine angewatupia mbwa, mtu wa ziwa hili aliufanya mpini wa chombo. Nasi je, tushindwe na waya na bomba la chuma?

Basi tuanze na lililo rahisi. Mara nyingi mti haujafa, umepata upara tu. Geuza upande ulio wazi uelekee ukuta. Ondoa matawi mazuri ya chini, uyafunge kwa waya mahali penye upungufu juu. Ikiwa nusu ya chini imeharibika kabisa, chukua kilele peke yake, ukisimamishe katika kopo lililojaa mchanga na mawe. Utapata mti mdogo wa kuweka mezani. Majirani wawili wenye miti mibovu waweza kuunganisha na kupata mmoja mzuri, nao wakapokezana mwaka hadi mwaka. Kuutunza muda mrefu ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa sababu plastiki na chuma vimekwisha kutengenezwa na kusafirishwa nusu ya dunia. Kuutupa baada ya Noeli mbili tatu ni hasara tupu.

Matawi yaliyobaki yafaa kwa pango la Noeli kanisani, au kwa maigizo ya watoto shuleni, yawe msitu na vilima vya Bethlehemu. Pinda waya mnene uwe duara, zungusha matawi juu yake, nawe una taji la kutundika mlangoni. Lakini hapa tuonye: mishumaa ya Majilio isiwashwe katikati ya matawi hayo. Plastiki huyeyuka na kuwaka. Weka mishumaa mbali, katika makopo yenye mchanga.

Matawi yasiyo na uzuri tena yarudie kazi ya babu yao. Funga matano au sita kwenye ncha ya ufito mrefu, uondoe utando wa buibui darini. Au yatumie kuzibua mfereji wa maji ya mvua nyuma ya nyumba. Mlingoti wa chuma, ukiukwangua kutu na kuupaka rangi, huwa kitu cha kutundikia nguo za shule, au mhimili wa kuinua kamba ya kuanikia nguo. Mguu wake wafaa kushika bendera ya darasa. Nyaya zilizobaki mpelekee fundi wa vyuma, hatazikataa.

Yako mambo ya kukataza, na twaomba akina mama wayashike. Plastiki ya PVC ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na kadiri inavyozeeka hupukutika na kuwa vumbi. Kwa hiyo usimpe mtoto mchanga matawi hayo achezee, maana kila kitu hupelekwa kinywani. Usisugulie chupa za maji wala vyungu. Usiyatandike chini ya samaki wanaokaushwa, wala katika kiota cha kuku. Usiyachimbie shambani. Ukimaliza kuyashika, nawa mikono kwa sabuni. Mti ukifikia kuwa vumbi tupu kila unapoguswa, fungasha majani katika mfuko mzito, uupeleke mahali panapokusanywa takataka, si jikoni wala ziwani.

Sasa turudi kwa wale wazazi. Siku ya pili tulikaa nao chini ya paa la nyumba, koleo mkononi. Baba mwenyewe ndiye aliyekata nyaya. Mikono iliyozoea kushona nyavu haikupata taabu. Mlingoti ukawa wa kamba ya nguo. Matawi mabovu yakawa burashi ya mfereji. Kilele, cha urefu wa mkono mmoja, kilisimamishwa katika kopo la maziwa. Mama alitaka kiwekwe wazi. Baba hakutaka kukiona kila siku. Ndipo wakapatana: kitafungwa ndani ya kitambaa na kutunzwa juu ya kabati, kitashushwa mara mbili tu kwa mwaka. Mara ya kwanza ni tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka Marehemu wote, kikiwa na karatasi zenye majina ya wafu wa nyumba hiyo. Mara ya pili ni Noeli, na mdogo wake marehemu ndiye atakayekipamba.

Hatukuwaambia kwamba huzuni imekwisha, haikuwa imekwisha. Lakini hakuna aliyeshindwa katika nyumba ile, na hakuna moshi uliopanda.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Basi kabla hujanunua mti mpya kwa fedha ambayo mtoto angelipia daftari, kaa kwanza na ule wa zamani. Uliza nani aliuleta, nani aliupamba, na ni nani nyumbani ambaye hajawa tayari kuuacha. Kisha chukua koleo.