Meza ya Marumaru Haitaki Ndimu

Marumaru huonekana jiwe gumu, lakini adui yake yumo jikoni mwako. Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo mkubwa ardhini. Milima yetu ya Uluguru inayo. Katika marumaru ya Matombo hupatikana hata rubi.

Chokaa na asidi havipatani. Tone la ndimu, siki au ukwaju likidondoka mezani huula uso wa jiwe na kuacha baka lililofifia. Baka hilo si uchafu, ni jeraha. Ukilisugua kwa majivu au mchanga, kama tusuguavyo masufuria, utalizidisha, na kurudisha mng'ao ni kazi ya fundi, tena kwa gharama.

Basi, machungwa na mananasi ya Uluguru yakatieni kwenye ubao. Kimiminika kikimwagika, kifyonzeni mara moja kwa kitambaa laini. Kila siku ifuteni meza kwa maji yenye sabuni kidogo isiyo kali, kisha ikausheni. Kitu kilichopatikana kwa jasho la mfanyakazi chastahili kurithiwa na wajukuu.