Kahawia iliyokoza inastahili sebule

Ingia korido ya shule, zahanati au nyumba ya kupanga, Tanzania au Kenya, mara nyingi utaikuta kahawia iliyokoza ukutani: mkanda wa rangi ya mafuta kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, juu yake krimu. Imewekwa pale ifiche alama za mikono na matone ya maji ya deki. Kwa kuwa tumeizoea katika kazi hiyo tu, mtu akishauriwa apake sebule nzima kahawia inayokaribia weusi huona anaharibiwa nyumba. Tunaidhulumu rangi hii. Sebule ambayo familia huitumia zaidi baada ya magharibi, hata ikiwa ndogo, ndiyo mahali pake hasa.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba giza hubana chumba. Zitazameni nyumba za mawe za Lamu. Vyumba vyake ni vyembamba, maana upana hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, kwa kawaida chini ya mita 3. Kuta ni za chokaa nyeupe, lakini milango ni ya mbao nzito zilizokoza, na boriti zenyewe ni nyeusi-nyeusi juu ya vichwa vya watu. Hakuna anayeinama kwa kuziogopa. Ukuta mweupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, kwa hiyo kila kona na kila ufa wa plasta huonekana. Kahawia iliyokoza hairudishi hata asilimia 10. Usiku, taa ikiwaka mezani, jicho halipati pale ukuta unapoishia, na kinachobaki mbele yake ni nyuso za watu, kitambaa cha kochi, sinia la shaba.

Ni kweli mwanga zaidi utahitajika. Lakini balbu mbili za LED za wati 9 zikiongezwa na kuwashwa kwa muda wa saa nne kila usiku hula uniti 2 na kidogo kwa mwezi. Kinachoharibu zaidi ni aina ya balbu: zile nyeupe zenye ubluu, zilizojaa madukani, huifanya kahawia ionekane kama tope lililokauka, ilhali za manjano huuonyesha wekundu wake. Kuhusu joto, hofu kwamba rangi iliyokoza hulivuta ina haki kwa ukuta wa nje, na kwa ule wa ndani unaopigwa na jua la alasiri dirishani. Huko isipakwe. Tena isiwe rangi ya mafuta, kwa sababu inang'aa na kila taa hujiona ukutani. Ya maji isiyong'aa ni bora, ingawa bega likiisugua huacha alama.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la mpangaji. Kurudisha krimu juu ya kahawia kunataka msasa, andakoti na mikono miwili ya rangi, na mwenye nyumba ana haki ya kulalamika. Basi aombwe ruhusa kwanza, na kazi ianze na ukuta mmoja nyuma ya makochi. Ukiwa wa mita 4 kwa 3, kopo moja la lita 4 linatosha mikono miwili, na siku ya kuhama kopo la krimu la ukubwa huo, pamoja na andakoti, litaurudisha ulivyokuwa.