Madai Matano Kuhusu Game Boy, na Majibu Yake kutoka Baraka

Hapa Baraka, mji wa Fizi huko mashariki ya Kongo, jina la Game Boy hutajwa kwa namna mbili. Vijana hulitaja wakitaka mfano wa kitu kilichopitwa na wakati. Wakubwa hulitaja pamoja na PlayStation na mashine nyingine za michezo wakizungumzia madini, na wanasema michezo ya watoto wa ng'ambo ndiyo iliyotumaliza. Kauli hizi zimerudiwa mpaka hakuna anayeuliza zilikotoka. Nazikataa zote mbili, tena kwa moyo wote, kwa sababu ya kwanza hutufanya tuchague vifaa vibaya, na ya pili huwaficha watu wanaopaswa kujibu kwa damu iliyomwagika Fizi.

Tunachozungumzia ni mashine ndogo ya kushika mkononi, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani tarehe 21 Aprili 1989. Upande wa kushoto ina kitufe chenye umbo la msalaba, upande wa kulia vitufe viwili vya mviringo, na juu yake kioo kidogo cha nukta 160 kwa 144. Nyuma kuna tundu la kuchomekea kaseti ya mchezo.

Dai la kwanza: Kioo chake ni hafifu, hakina rangi wala taa, kwa hiyo waliokitengeneza hawakuwa na ujuzi.

Ujuzi walikuwa nao. Mhandisi Gunpei Yokoi, aliyesimamia kazi hiyo, alikuwa na msimamo anaojulikana nao mpaka leo: chukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha itafutie matumizi mapya. Alianza hivyo mwaka 1980 na michezo midogo ya Game & Watch, iliyotumia vioo vya aina ya kikokotoo. Kwenye Game Boy alichagua kioo chenye viwango vinne tu vya kijani, kuanzia hafifu hadi iliyokolea, akijua fika kwamba rangi na taa vilikuwepo. Mwaka huohuo wa 1989 Atari ilitoa Lynx, yenye rangi na taa, na mwaka 1990 Sega ikatoa Game Gear, nayo vilevile. Marekani Lynx iliuzwa karibu dola 180, Game Boy karibu dola 90. Hizo mbili ziliacha kutengenezwa kabla ya miaka ya tisini kwisha. Game Boy na mdogo wake wa rangi ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Tena kioo kisicho na taa kina faida ambayo mtu wa Baraka anapaswa kuwa wa kwanza kuiona. Simama bandarini saa sita mchana umwangalie mtu anayetaka kusoma ujumbe kwenye simu yake: anaipa jua mgongo, anakiziba kioo kwa kiganja, anaongeza mwanga mpaka mwisho, na chaji inaisha mbele ya macho yake. Kioo cha Game Boy huutumia mwanga wa nje na kuurudisha machoni. Jua likizidi, nacho huonekana vizuri zaidi. Usiku hakifai bila taa, hilo ni kweli, na Nintendo yenyewe ilitoa Game Boy yenye taa mwaka 1998, ikaiuza Japani peke yake. Lakini kusema hakikufikiriwa ni kumwonea Yokoi.

Dai la pili: Kinakula mawe.

Tupige hesabu. Game Boy ya kwanza hutumia mawe manne madogo, yale ya kuweka kwenye rimoti, na hucheza saa 15 na kuendelea. Game Gear hutumia mawe sita, nayo huyamaliza kwa saa tatu hadi tano. Kwa saa 15, Game Boy imetaka mawe manne. Game Gear, hata ukiipa saa tano kamili kwa kila seti, imetaka 18.

Mji ambao watu wengi hungojea jua lipige paneli ndipo wachaji simu unapaswa kuiheshimu hesabu hiyo. Mawe yakiisha unanunua mengine kwenye duka lolote linalouza mawe ya redio, unayaweka mwenyewe, unaendelea. Betri ya simu nyingi za sasa imegandishwa ndani kwa gundi. Ikifa, unatafuta fundi, na fundi anatafuta betri inayolingana, na mara nyingi haipatikani karibu.

Mawe yana ubaya wake. Yakisahauliwa ndani huvuja, na ukifungua kifuniko unakuta unga mweupe umeshika springi. Mafundi wanajua dawa: pamba yenye siki au maji ya ndimu, sugua taratibu mpaka chuma kionekane, futa, kausha kabisa. Na mawe yaliyokwisha yasitupwe ziwani wala shambani. Hayo ni matunzo ambayo hata mtoto anaweza kufundishwa.

Dai la tatu: Kaseti isiposoma, ipulize.

Dai hili linaaminiwa dunia nzima, na si kweli. Kinachosaidia ni kule kuitoa kaseti na kuirudisha, kwa sababu meno yake husuguana upya na meno ya mashine. Pumzi ya mdomo ina unyevu, na unyevu hula chuma pole pole. Nintendo yenyewe iliwaonya watu wasipulize. Pamba na spiriti vinatosha, kisha ngoja ikauke.

Dai la nne: Ni kitu cha watoto wa Ulaya, hakituhusu.

Game Boy yenyewe, ya Nintendo, ilikuwa adimu kwetu, nakubali. Ila ukoo wake ulifika mpaka huku. Mchezo uliouzwa pamoja nayo Marekani na Ulaya ulikuwa Tetris, uliobuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtu aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti. Vipande vinashuka, unavigeuza, unavipanga, mstari ukijaa unafutika. Mchezo huohuo ndio ulioenea sokoni Afrika Mashariki ndani ya vile vidude vya plastiki kutoka China, vilivyoandikwa mbele kwamba vina michezo 9999, ilhali ndani yake kuna michezo michache tu inayobadilishwa kasi na ngazi. Waliokuwa watoto wakati huo wanavijua kwa vidole. Kisha kuanzia mwaka 1997 simu za Nokia zikaja na mchezo wa nyoka, nao ukaendeleza mazoea yaleyale: kioo kidogo, vitufe vichache, kanuni moja inayoeleweka kwa dakika moja.

Michezo hii haikudai Kifaransa wala Kiingereza. Mtoto wa Kibembe, wa Kifuliiru au wa Kibuyu huanza sawa na mtoto wa Tokyo, kwa sababu hakuna neno la kusoma. Wala haikumfungia mtu peke yake. Game Boy ilitoka kiwandani ikiwa na tundu la waya wa kuunganisha mashine mbili, na mwaka 1996 mchezo wa Pokémon ulitolewa kwa matoleo mawili makusudi, ili asiwepo anayeweza kukusanya viumbe vyote bila kubadilishana na mwenzake. Kifaa kinachotaka jirani hakistahili kuitwa kigeni kwetu.

Dai la tano: Mashine za michezo ndizo zilizoleta vita vyetu.

Hili ndilo zito kuliko yote. Wako walioandika huko nje kwamba vita vya Kongo ni vita vya PlayStation. Hoja yao ni kwamba PlayStation 2 ilitaka metali iitwayo tantali, tantali hutoka kwenye koltani, na koltani iko Kivu.

Tuangalie tarehe. Vita vya kwanza vilianza hapahapa Kivu ya Kusini mwaka 1996, na watu wa Fizi wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, Tanzania. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa huko mwaka huohuo. Vita vya pili vilianza Agosti 1998. Makobola, ndani ya Fizi, mamia ya raia waliuawa kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. PlayStation 2 iliingia sokoni Japani tarehe 4 Machi 2000. Kitu ambacho hakijauzwa hakiwezi kuwa mama wa makaburi yaliyotangulia kuchimbwa.

Tuangalie na bei. Ni kweli bei ya tantali ilipanda vibaya mwaka 2000, lakini waliokuwa wakiigombania ni watengenezaji wa vipuri vya simu, kompyuta na mitambo mingine mingi, na mchimbaji mkubwa wa dunia wakati huo alikuwa Australia. Mwaka 2001 bei ikaporomoka. Kama mchezo wa watoto ndio ungekuwa chanzo, amani ingerudi bei iliposhuka. Haikurudi. Tena utajiri unaogombaniwa zaidi Fizi ni dhahabu, ya Misisi na kwingineko, nayo ilitamaniwa karne nyingi kabla ya Nintendo.

Sisemi madini hayana hatia yoyote katika habari hii. Mwaka 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza jinsi majeshi na makundi yalivyojitajirisha kwa koltani, dhahabu na mbao za Kongo. Lakini kuni zilizochochea moto si kiberiti kilichouwasha. Vita vilianzishwa na watu wenye majina, vyeo na majeshi, kwa sababu za madaraka, mipaka, ardhi na ukabila uliochochewa. Anayemtupia mzigo huo mtoto wa Osaka mwenye mashine mkononi anawapunguzia wao hesabu yao.

Basi tuseme kilicho kweli. Game Boy ilikuwa mashine ya nguvu ndogo, bei nafuu na maisha marefu, na sifa hizo ndizo tunazopaswa kuzidai kwa kila anayetuletea simu, redio au taa ya sola: kioo kinachosomeka juani, betri inayobadilishwa kwa mkono, kifuniko ambacho fundi wa Baraka anaweza kukifungua. Na kwa vita vya Fizi tudai majina na mahakama. Mchezo wa watoto hauwezi kusimama kizimbani badala ya waliotoa amri.