Mbwa wa Ulinzi Anapofikia Ukingoni mwa Ugonjwa

Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona ukurasa wa Ijumaa ukizungumzia mbwa. Majumbani mwetu mnyama huyu hutajwa kwa josho saba na udongo, na mazungumzo yakaishia hapo. Hata hivyo, nyumba za Waislamu zinazofuga mbwa wa ulinzi si chache, mijini na zaidi mashambani. Mbwa huyo hulala uani miaka kumi au zaidi, akibweka kila geti linapoguswa, kisha siku moja hupatwa na maradhi yasiyopona. Hapo familia hugawanyika. Baba husema aachwe, Mwenyezi Mungu atamchukua kwa wakati Wake. Mwingine husema atiwe gunia akatupwe mbali. Watoto, ambao ndio waliokuwa wakimpelekea chakula, hulia, na hakuna anayewajibu.

Tuanze na lile linalosahauliwa. Mtume (S.A.W.) aliwavua katika katazo la kufuga mbwa wale wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda mashamba, na Imam an-Nawawi akaipa nguvu kauli ya kuwa ulinzi wa nyumba nao umo katika ruhusa hiyo. Unajisi wa mate ya mbwa ni hukumu ya tohara. Haukuondoa haki yake ya kutoteswa. Sote tumesikia mimbarini habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuteremka kisimani na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu. Tumesikia pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tuitazame vizuri hiyo ya pili: mwanamke yule hakumpiga paka wala hakumkata. Alimfungia, hakumlisha, na hakumwacha ajitafutie mwenyewe.

Basi mbwa aliyefungwa mnyororo chini ya mwembe, asiyeweza kusimama, maji yako hatua tatu naye hayafikii, vidonda vimeingia funza, ana tofauti gani na paka yule? Mwenye nyumba husema amemwachia Mungu. Sisi tunaona kwamba hakumwachia Mungu, bali amemwachia jua na nzi. Tawakali huja baada ya kutimiza wajibu, na wajibu wa mwenye mnyama ni kumlisha, kumnywesha na kumwondolea madhara, awe anafaa kwa kazi au hafai tena.

Je, yajuzu kumkatishia uhai ili apumzike? Hapa wanazuoni wametofautiana, wala haifai kuficha tofauti hiyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao huu, Ibn Hajar al-Haytami aliandika katika Tuhfat al-Muhtaj kwamba ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, akitoa mfano wa punda mwenye maradhi sugu. Upande wa Maliki, Khalil katika Mukhtasar yake alikubali kuchinjwa kwa mnyama asiyeliwa pindi anapokatiwa tamaa, na miongoni mwa Hanafi pia imo ruhusa ya namna hiyo. Wapo wanazuoni wa zama zetu walioifuata ruhusa hii kwa mnyama ambaye daktari amethibitisha kuwa haponi na kwamba anateseka.

Rai yetu ni kwamba kauli ya ruhusa ina nguvu zaidi katika hali hiyo, na hiyo tu. Zama za Ibn Hajar, katika karne ya 16, hapakuwa na dawa ya usingizi. Njia ilikuwa kisu au rungu. Anayeshikamana na kauli ya katazo hatumlaumu, ila asidhani kuwa amemaliza. Kwake yeye mzigo ni mkubwa zaidi: atafute dawa ya maumivu kwa daktari wa mifugo, amweke kivulini, amgeuze ubavu, amsafishe, hadi ajali yake ifike. Atakayekwenda kumuuliza sheikh wake naye apeleke habari kamili, yaani ugonjwa gani, daktari kasema nini, mnyama anakula au hali. Swali la nusu huzaa fatwa ya nusu. Na mtu asije akachukua maneno haya akayapeleka kwenye kitanda cha mzazi wake mgonjwa. Uhai wa binadamu una hukumu nyingine kabisa, na mlango huo umefungwa.

Tatizo kubwa ni kujua wakati. Mbwa huficha maumivu. Anaweza kutikisa mkia anapomwona bwana wake ilhali saratani imeshakula mfupa. Dalili ni kuhema kwa kasi akiwa amelala, kujitenga, kuacha kujilamba, kukosa usingizi, kukataa hata kile alichokipenda. Daktari mmoja wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga mwaka 2004 kipimo cha mambo saba: maumivu (na humo kupumua), chakula, maji, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 huhesabiwa kuwa mnyama bado anaweza kutunzwa. Si wahyi, ni chombo tu, lakini kinamlazimisha mtu kumtazama mnyama badala ya kuitazama huzuni yake au mfuko wake. Watoto wapewe kalenda, kila jioni watie alama kama siku ilikuwa njema au mbaya. Baada ya wiki mbili karatasi itasema jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa na ujasiri wa kulisema.

Lakini tuogope pia kosa la upande wa pili. Mbwa mzee asiyesikia vizuri, anayetembea polepole na asiyemtisha mwizi, si mgonjwa wa kukatiwa tamaa. Anayetaka kumwondoa ili alete mbwa mchanga asijifunike kwa neno la huruma. Imepokewa kwamba ngamia alimlalamikia Mtume (S.A.W.) juu ya bwana wake aliyemshindisha njaa na kumchosha kwa kazi, na bwana huyo akakemewa. Aliyekula nguvu za mnyama ana deni kwa uzee wake.

Ikiamuliwa, basi ifanywe kwa ihsani, kama ilivyoamrishwa katika Hadithi ya Shaddad bin Aws kwamba hata kuua na kuchinja kufanywe kwa wema. Nyama iliyotiwa sumu, gunia baharini, rungu la mlinzi: yote haya ni mateso. Strikinini humpinda mnyama kwa mitukutiko akiwa na fahamu zake. Daktari wa mifugo kwa kawaida hutanguliza sindano ya kumtuliza, kisha hutia mshipani dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Fahamu huondoka kwa sekunde chache na moyo husimama baada ya dakika chache. Macho hubaki wazi, mkojo huweza kutoka, na pumzi moja mbili hutokea baadaye. Familia iambiwe mapema isije ikadhani ameamka. Wala asipewe dawa za maumivu za binadamu kabla ya hapo kwa kubahatisha. Ibuprofeni, kwa mfano, huharibu tumbo na figo za mbwa.

Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na udenda na kuuma hovyo, hahusiani na mashauriano haya. Hicho huenda ni kichaa cha mbwa. Asikaribiwe, aitwe afisa mifugo, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

Mzoga uliotiwa dawa ile ni sumu kwa mbwa wengine na kwa kunguru, hivyo uzikwe katika shimo refu, mbali na kisima. Watoto wakitaka kuwepo wakati wa kufukia, waachwe wawepo. Wakiuliza mbwa wao amekwenda wapi, waambiwe kwamba amekufa, wala asisingiziwe kuwa amekimbia.