Pima kabla ya kununua betri
Corolla kuukuu inayowaka leo na kugoma kesho hapa Gisenyi haidai betri mpya moja kwa moja. Betri iliyokufa haifufuki yenyewe. Mguso wa waya uliolegea ndio mara nyingi hubadilika hivyo. Weka mita kwenye betri, mwenzako apige stata. Volti zikishuka chini ya 9.6, shuku betri; zikibaki juu ya 12 na ukasikia "ta" moja tu, kagua vichwa vya betri vyenye ukungu wa kijani, waya wa bodi, kisha stata yenyewe. Mtasema gari likisukumwa linawaka, basi ni betri. Lakini kusukuma kunairuka stata pia! Na pale betri mpya "ilipoponya" gari, huenda fundi alikwangua vichwa na kukaza nati wakati wa kuifunga.