Mambo ya Nyumbani: Bata Mzinga Mzima, na Namna ya Kumpika kwa Salama

Mwezi huu twapenda kusema habari za jikoni. Sikukuu zikaribiapo, nyumba nyingi hupata nyama kubwa kuliko desturi, na nyama kubwa ina hesabu yake. Tutamtaja bata mzinga. Jina lake ni bata, lakini kwa ukoo yu karibu na kuku; na kwao ni Amerika, ambako watu wa Mexico walimfuga zamani kabla Wazungu hawajafika. Huko Marekani huliwa hasa Siku ya Shukrani, ambayo kwa sheria ya mwaka 1941 huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Jamaa zetu wasemao Kiswahili walioko huko humnunua dukani, naye amegandishwa kama jiwe. Sisi wa huku mara nyingi twamchinja wenyewe uani. Njia ni mbili, lakini hatari ni moja.

Hatari hiyo haionekani kwa macho. Katika nyama mbichi ya ndege hukaa vijidudu vingi, na mashuhuri ni vile viitwavyo Salmonella, vilivyopewa jina la mganga wa wanyama wa Marekani, Daniel Salmon. Vijidudu hivi huleta homa, kuhara na maumivu ya tumbo. Mtu mzima mwenye nguvu huenda akapona kwa siku chache. Bali mtoto mchanga, mzee na mama mja mzito waweza kushikwa sana, hata kufa. Nao ndio tunaowapa kiti cha mbele siku ya karamu.

Yapasa kujua kwanza kwamba vijidudu hupenda vuguvugu. Kutoka nyuzi 4 za sentigredi mpaka nyuzi 60 huzaa kwa haraka. Chini ya hapo hulala. Juu ya hapo huanza kufa. Na nyama ya ndege ikifika nyuzi 74 mpaka ndani, twaweza kuila bila hofu. Mwaka 2006 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliweka kipimo hicho kimoja kwa nyama yote ya ndege. Basi kazi yote ya mpishi ni hii: kumvusha ndege katika vuguvugu upesi, asikawie njiani.

Sasa tuseme njia zisizofaa. Ya kwanza ni kumwacha ndege aliyegandishwa juu ya meza usiku kucha ili ayeyuke. Nje amekwisha kupata joto, na ndani yu barafu bado; vijidudu vya nje vimepata usiku mzima wa kuzaa. Njia njema ni kumweka ndani ya friji, siku moja kwa kila kilo 2. Ndege wa kilo 6 ataka siku 3. Mwenye haraka na amfunge katika mfuko usiopenya maji, amzamishe katika maji baridi, na kuyabadili maji kila nusu saa. Ndege wa kilo 5 na nusu atayeyuka kwa saa 6 hivi, na sharti apikwe hapo hapo.

Ya pili ni kumtia katika tanuri lenye moto hafifu jioni na kwenda kulala, mpaka asubuhi. Wako wanaoisifu njia hii, wakisema nyama hutoka laini sana. Ni kweli, hulainika; lakini ulaini si ushahidi wa usalama. Ndege mkubwa katika moto hafifu hukaa saa nyingi katika vuguvugu, na vijidudu vingine hutoa sumu isiyoondoka hata nyama ikichemka baadaye. Kijidudu hufa, sumu yake hubaki. Kwa hiyo moto wa tanuri usipungue nyuzi 163. Kwa moto huo, ndege wa kilo 4 mpaka 5 na nusu asiye na vijazo tumboni huiva kwa muda wa saa 3 hivi.

Ya tatu ni jamaa ya hiyo, nayo twaiona sana kwetu: kumpika nusu usiku wa kuamkia sikukuu, na kummalizia kesho yake. Mama wa nyumba ana kazi nyingi, nasi twamhurumia. Walakini nyama iliyopashwa nusu na kuachwa ni kitanda cha vijidudu. Ukianza, maliza.

Ya nne ni kumkaanga ndege mzima mwenye barafu katika pipa la mafuta. Mafuta hayo yana nyuzi 177 hivi, na maji hugeuka mvuke kwa nyuzi 100. Na maji yakigeuka mvuke huongezeka ukubwa zaidi ya mara 1,600. Barafu ikiingia humo, mafuta hufurika, huanguka motoni, na moto huruka. Huko Marekani watu wameungua na nyumba zimeteketea kwa njia hii. Atakaye kukaanga, na amkaushe ndege kabisa, afanye kazi nje mbali na nyumba na watoto, wala asimwage maji kamwe juu ya mafuta yanayowaka.

Ya tano ni kumwosha ndege wa dukani chini ya bomba. Amekwisha kusafishwa, maji huyarusha machafu yake juu ya vyombo na mboga. Moto ndio umtakasao. Yule tuliyemchinja wenyewe hapana budi aoshwe damu na manyoya, lakini aoshwe kando, si karibu na chakula kilichoiva, na kisu na ubao na mikono vioshwe kwa sabuni mara moja. Matumbo yatolewe kwa uangalifu yasipasuke, na ndege apikwe siku ile ile au awekwe penye baridi.

Tena, wengine hujaza tumbo la ndege mkate na vitunguu na viungo. Vijazo hivyo hunywa maji ya nyama mbichi, navyo viko mbali na moto. Kwa hiyo navyo sharti vifike nyuzi 74. Ni salama zaidi kuvipika katika chombo chake.

Je, tutajuaje kwamba ameiva? Rangi hudanganya, na ngozi ya dhahabu yaweza kuficha paja bichi. Njia ya hakika ni kipimajoto cha nyama: kichomeke penye unene wa paja, kisha penye unene wa kidari, kisiguse mfupa, pote pawe nyuzi 74.

Lakini wengi wetu hatuna kipimajoto wala tanuri, twapika kwa sufuria na makaa juu ya kifuniko. Kwa kuku mdogo yafaa. Kwa bata mzinga mzima si njia njema, maana chini huungua na katikati hubaki mbichi. Shauri letu ni kumkata vipande, kumchemsha mpaka nyama iachane na mfupa, kisha kumpaka viungo na kumgeuza juu ya makaa papo hapo, bila kungoja. Hata katika miji ya juu kama Nairobi, ambako maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, joto hilo latosha na kuzidi. Wengine watasema, "Ndege aliyekatwa hana fahari mezani." Twajibu, heshima ya mgeni ni kurudi kwake akiwa mzima.

Mwisho ni mabaki. Nyama isikae mezani kupita saa 2, na mahali pa joto kali lipitalo nyuzi 32, isipite saa 1. Iondolewe mifupani, itandazwe katika vyombo vifupi ipate kupoa upesi, iwekwe katika friji, na iliwe kabla ya siku 4 kupita. Ikipashwa, ipashwe hasa, mchuzi uchemke. Asiye na friji asiweke nyama ya kesho. Na amwite jirani, au ampelekee sahani ingali moto. Hivyo nyama haitaharibika, na ujirani utazidi.

Nanyi waalimu, twawaomba mwaandikie wanafunzi ubaoni hesabu tatu tu, wazipeleke nyumbani: nyuzi 74 za kuiva, saa 2 za mezani, siku 4 za friji. Mtoto akizisoma mbele ya mama yake jioni, somo limekwisha kufika jikoni.