Akikataa, Itakuwaje?

Likizo iliyopita nilikuwa Pangani kwa bibi yangu, mkononi nina riwaya ya Kiingereza niliyoinunua Tanga mjini kwa muuza vitabu vya mitumba. Ni hadithi ya mapenzi ya Uskoti ya zamani: ngome, ukungu, bwana mwenye ardhi na binti wa kasisi maskini. Jioni tukiwa barazani nilimsimulia bibi. Nilipofika pale binti anapomkataa yule bwana mara ya pili, akanikatiza.

"Mke mwenzangu, amekataa tena? Na wazee wake wamenyamaza?"

Nilicheka. Baadaye nikaona kwamba bibi ameisoma riwaya ile kuliko sisi tunaosomea fasihi.

Nilipotaka kuandika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu riwaya za mapenzi ya kihistoria, niliambiwa kwa upole nitafute kitu kizito. Riwaya hizi tumezipa hata jina, fasihi pendwa, na darasani jina hilo hutamkwa kama tusi. Kizito ni vita, ukoloni na siasa; mapenzi ni ya kusomea kwenye basi. Mimi nasema huo ni uvivu wa kufikiri.

Msomaji wa riwaya ya mapenzi anajua mwisho tangu mwanzo. Kinachomshika ni swali moja: huyu akikataa, itakuwaje? Bila uwezo wa kukataa, kinachobaki ni amri. Sasa lichukue swali hilo ulilete pwani yetu. Shuleni tulifundishwa kuhusu Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani Pangani Desemba 1889, na ni haki akumbukwe. Lakini Pangani ya wakati wake iliishi kwa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na Abushiri naye alikuwa na shamba. Ng'ambo ya bahari, Unguja, amri ya mwaka 1897 iliondoa utumwa ikawaacha masuria nje, kwa hoja kwamba wao ni kama wake. Walisubiri hadi 1909. Tanganyika, sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1922. Nani basi aliweza kukataa, na kuanzia lini? Sijui aina nyingine ya riwaya inayoweza kulibeba swali hili kurasa mia tatu bila kulitua.

Rafiki yangu mmoja ananionya kwamba tutaupaka utumwa manukato ya asumini. Hatari hiyo ni ya kweli, na Uskoti ni ushahidi. Mwaka 1814 Walter Scott alichapisha Waverley, riwaya iliyowafanya wasomaji wa Ulaya waipende milima ya Uskoti. Mwaka huohuo, Strathnaver, kaskazini ya nchi hiyohiyo, wapangaji walikuwa wakifukuzwa na nyumba zao kuchomwa moto ili kondoo wapate malisho. Katika kitabu changu cha mitumba kondoo wapo tele, mpangaji aliyefukuzwa hayumo. Lakini kosa hapo si la mapenzi. Mwandishi ameamua kutotazama ardhi ya yule bwana ilipatikanaje.

Adam Shafi alitazama. Katika Vuta N'kuvute, Yasmini anaozwa angali msichana mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa. Anamwacha, kisha anampenda Denge, anayepambana na utawala wa Waingereza Unguja. Riwaya ilitoka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitolea filamu. Bado wengi wetu tunaifundisha kana kwamba mapenzi ni chambo na siasa ndiyo samaki. Mbona msichana kumwacha mume aliyechaguliwa na wengine nako ni siasa?

Na Tanga je? Mkonge uliletwa mwaka 1893, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza kutoka mjini. Kisha wakaja manamba kutoka Kigoma, Songea na Burundi, wakajazana kambini. Watu wale walitongozana kwa lugha gani? Mahari alipokea nani, wazazi wakiwa mwendo wa wiki kadhaa? Mwanamke aliyemkataa mnyapara alilala wapi usiku ule? Nataka riwaya hiyo iandikwe kwa Kiswahili, na mkonge ukatwe humo na watu wenye majina. Ikiandikwa, wahariri na wahadhiri wasiitupe kwa sababu tu jaladani kuna watu wawili wameshikana mikono.

Usiku ule nilimuuliza bibi yeye aliolewaje. Akasema aliambiwa Alhamisi, ndoa ikafungwa Ijumaa.

"Na kama ungekataa?"

Alinyamaza kidogo, akavuta khanga mabegani.

"Haya, soma," akasema. "Tuone huyo binti wa kasisi anaishia wapi."